Kutoka mbwa koko hadi mbwa wa geti: namna ya kumlea kwa muda na kumtafutia kwake

Kabla ya kumleta mbwa yeyote nyumbani, zungumza na mwenye ploti. Usimtume keriteka, na usiseme "ni wa siku mbili tatu tu". Nenda mwenyewe umweleze kwamba utapokea mbwa mmoja, umtunze hadi apone, umtafutie kwake, kisha huenda akaja mwingine. Mbwa wengi tunaowaokota hapa Nakuru walikuwa na wenyewe. Mpangaji kahama nyumba ya chini yenye uwanja, kaingia ghorofani, mbwa kabaki getini akingoja. Tangu mji upewe hadhi ya jiji Desemba 2021, kila nikipita Section 58 au Naka naona ghorofa jipya, na mengi yana sheria ile ile: mbwa marufuku. Ukifukuzwa ukiwa na mbwa mkononi, mtakuwa wawili msio na kwenu.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko Free Area. Tunaojitolea kazi hii ni wachache: mwalimu mmoja wa Njoro, kijana wa bodaboda, mama mwenye saluni, na daktari wa mifugo anayetuvumilia kwa bei. Kituo hatuna. Kila mmoja ana kona ya uwanja, na kona moja ni ya mbwa mmoja. Ukiambiwa kuna wawili wanateseka, chukua mmoja na umtafutie mwingine mlezi. Nimeona watu wema wakijaza uwanja hadi majirani wakaita chifu, na hapo mbwa wote hupotea kwa siku moja.

Majirani nao waulizwe mapema. Ploti yetu ina familia mbili za Kiislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo iliyoguswa haiswaliwi mpaka ioshwe. Kwa hiyo kamba yao ya kuanikia haiji upande wangu, na mbwa hapiti upande wao bila kamba shingoni. Tulielewana hivyo kabla ya mbwa wa kwanza. Mama wa mlango wa pili hawezi kumgusa mbwa hata umlipe, lakini ndiye hunipigia simu nikiwa dukani: "Fundi, huyo wako analia, maji yamemwagika."

Kumpata bila vita

Wengi hutoka jalala la Gioto, kule kwenye miteremko ya Menengai, wengine stendi, wengine nje ya machinjio. Mbwa anayekimbia usimfukuze. Utamfundisha tu kwamba wewe ni wa kukimbiwa, na atavuka barabara bila kuangalia. Peleka chakula saa ile ile, mahali pale pale, kwa siku kadhaa. Kaa chini ukimpa ubavu, usimkodolee macho. Smoki, ile soseji ya barabarani, iliyokatwa vipande vidogo hufanya kazi kuliko maneno matamu. Akishazoea kula karibu na goti lako, mpitishie kamba ya kitanzi polepole huku anakula, usivute, mwache asikie tu kwamba kuna kitu shingoni. Anayeng'ata, aliyevunjika mguu au jike mwenye watoto, hao mwite daktari aje na kizimba.

Jambo moja ulishike hata ukisahau mengine yote. Ukimwona mbwa kinywa kimelegea, anatokwa na udenda, anashindwa kumeza, watu watakwambia amekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni. Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoonekana mara nyingi, na virusi vyake vimo katika mate hayo. Mwingine huwa mkali ghafla na kung'ata chochote, mwingine hupooza kimya kimya. Jitenge naye, zuia watoto, ita daktari wa mifugo.

Aking'ata mtu, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, na urudi kila tarehe utakayopewa. Ugonjwa huu dalili zikishatokea hauna tiba. Karibu kila aliyefika hapo hufa. Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa salama, hutazamwa kwa siku 10. Watu hukimbilia kumpiga mawe afe, na kwa kufanya hivyo wanapoteza njia ya kujua kama alikuwa mgonjwa. Na kuua mbwa wa mtaa mzima hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kukitokomeza ifikapo 2030. Karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sikiliza matangazo ya redio. Chanjo za bure hutolewa sehemu nyingi.

Kwa daktari kabla ya nyumbani

Muulize daktari leseni ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB. Haoni haya aliye nayo. Nyuma ya kaunta za agroveti kuna watu wengi wema wenye makoti meupe waliojifunza kwa kutazama, na mbwa hawezi kukueleza kwamba dozi ilikuwa ya ndama.

Ukingoja foleni, mwinue mdomo wa juu utazame ufizi, kama amekubali kushikwa. Mbwa mzima ana ufizi wa waridi. Bonyeza kwa kidole, utakuwa mweupe, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi mweupe kama karatasi maana yake damu imekwisha, na hapa kwetu wa kulaumiwa ni kupe au minyoo. Mkojo wa rangi ya chai kavu, homa na kukataa chakula, hiyo ni homa ya kupe, usingoje kesho.

Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Lakini chanjo ya leo haimsaidii mbwa aliyeambukizwa wiki iliyopita, na ugonjwa huweza kujificha kwa wiki kadhaa, hata miezi. Kwa hiyo mgeni asilambane na watoto usoni eti kwa sababu ana kadi. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kila wiki mbili tangu wakiwa na wiki mbili hadi wafike miezi mitatu, na chanjo za pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zianze wakiwa na wiki sita hadi nane, zirudiwe mpaka wapite wiki 16. Nyumba ambayo mtoto wa mbwa alihara damu akafa, usipeleke mwingine asiye na chanjo. Kirusi cha pavo hukaa ardhini miezi mingi. Sakafu ya simiti isuguliwe kwanza kwa sabuni, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, ikae dakika kumi. Kwenye udongo jiki haisaidii kitu.

Kupe nawatoa mwenyewe jioni, taa kichwani, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi mfukoni kwa ajili ya manyoya yaliyosokotana. Wanapenda ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani na chini ya mkia. Shika kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, tumbukiza kwenye chupa ya spiriti. Usimchome kwa sigara, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha. Baada ya hapo ndipo dawa ya daktari ifuate. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikaribie mtoto wa mbwa, na kwa mkubwa isitumike kwa kukadiria. Nimewaona wakitetemeka na kutokwa povu kwa sababu mtu alimwaga kifuniko kizima kwenye ndoo. Na kama una paka ndani, soma chupa: dawa zenye pemethrini ambazo mbwa huvumilia humwua paka. Tazama pia nyayo. Funza hawachagui mguu wa mtu wala wa mbwa, na mbwa mwenye funza atakuletea wengine uwanjani.

Sufuria

Mbwa aliyekonda hadi mbavu zinahesabika usimjazie karai. Mwili uliozoea njaa huweza kuugua vibaya ukishibishwa ghafla. Mpe kidogo, mara nne kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki moja au zaidi.

Chakula chetu ni ugali laini au mchele uliovunjika, pamoja na omena waliooshwa mchanga ukatoka, wakachemshwa. Siku bucha ikiwa na huruma tunapata matumbo na mapafu. Yachemshe vizuri, maana mbwa anayelishwa mabaki mabichi ya machinjio hupata tegu, na baadhi ya tegu hao humdhuru mtu. Vitunguu usitie kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vijiti na kutoboa utumbo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Kisha kuna ule msemo wa jikoni: "Huu unga umeingia ukungu, wapikie mbwa." Kataa. Sumukuvu haitoki kwa kupika, na ini la mbwa haliwezani nayo. Mbwa wa familia nzima wameanguka mmoja baada ya mwingine kwa gunia moja la mahindi yaliyovunwa mabichi, na watu wakasema ni mchawi.

Wiki za mwanzo

Nakuru usiku ni baridi, Julai hata mchana. Inua kitanda kwenye mbao za paleti au matofali, tandika gunia, juu yake sweta la mitumba ambalo halikununuliwa. Mlango wa kibanda usielekee upepo wa ziwani. Mvua ya Aprili ikipiga mabati kwa radi, mbwa mwingine atachimba chini ya geti hadi kucha zitoke damu. Huyo mwingize jikoni au stoo, umfunikie boksi upande mmoja apate pango.

Wageni wasije kumtazama. Watoto wa ploti waambiwe: akila haguswi, akilala haamshwi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata siku ya kumi usimpe. Wengine hulala wiki nzima, wakiamka kula tu, na walezi wapya hunipigia wakidhani anakufa. Kama anakula, anakunywa, anaenda haja na ufizi ni wa waridi, mwache alale.

Tembea naye kwa kamba hata ndani ya uwanja. Anza kumzoesha jina, sauti ya pikipiki, mwavuli ukifunguliwa, mtu aliyebeba gunia. Andika unachokiona kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalomtafutia nyumba.

Jike

Nikikwambia kazi yetu kubwa ni ipi, ni hii hapa. Katika vile vitoto vya mbwa vinavyotupwa kwenye boksi kando ya barabara ya Lanet, wengi ni majike. Kila mtu anataka dume. Ukimwuliza sababu atasema, "Jike ataniletea madume getini usiku kucha, halafu azae, nitawapeleka wapi?" Nami sibishani, kwa sababu ni kweli. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, mimba ni takriban siku 63, na anaweza kuzaa watoto sita au zaidi. Lakini akishafungwa kizazi sababu zote hizo zimeisha, na kilichobaki ni mbwa anayelinda boma bila kuzurura. Mimi sitoi jike ambaye hajafungwa, hata aje mtu na gari la kifahari. Wa kutoa "halafu atamfunga mwenyewe" ndiye ambaye wajukuu zake nitawaokota Gioto.

Utasikia kwamba lazima azae mara moja kwanza. Si lazima, na hakuna faida anayoipata. Utasikia kwamba dume aliyehasiwa habweki. Anabweka vilevile, anachopunguza ni kutoroka na kupigana.

Jike wa mtaani akitokwa damu wiki nenda wiki rudi, usidhani ni joto. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wakipandana, unaonekana kama koliflawa nyekundu, na madume hupata pia. Wengi hupona kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Ni dawa kali, ya daktari peke yake. Usimkatie tamaa mbwa huyo.

Baada ya upasuaji nyuzi hukaa siku 10 hadi 14, na kazi yako yote ni kumzuia asilambe. Ile kola ya plastiki inawafanya wagonge kila ndoo, basi mimi hushona vazi. Tafuta tisheti ya mitumba ya mtoto, pamba tupu, inayobana kidogo. Kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi. Upande wa mgongo, pindo la chini likate katikati kama shubiri moja na nusu kwenda juu, ushone kamba mbili kila upande. Tisheti ikivutwa hadi nyuma, zile pande mbili zinapita kulia na kushoto ya mkia, unafunga fundo juu. Chini ya tumbo acha nafasi ya haja ndogo, lakini kidonda kifunikwe kabisa. Shona tatu, maana moja itakuwa imelowa na nyingine iko kambani. Kitambaa kikigusa usaha, kidonda kikivimba au kufunguka, rudi kwa daktari bila kuongeza poda wala majivu.

Je, anakula kuku?

Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu wa Kiamunyi, Njoro au Bahati, kabla ya jina la mbwa. Lazima uwe na jibu.

Mshibishe kwanza. Mtie kamba fupi, simama mbali na kuku wa jirani, wao wakiwa ndani ya wavu. Tazama mwili wake, usitazame mkia. Mbwa anayetazama kuku, akanusa chini, akakugeukia ukimwita, huyo anafundishika. Anayekaza mwili, kinywa kikifunga, macho yasipepese, hata smoki puani haioni: huyo andika "asipelekwe penye kuku". Rudia siku tofauti, sogea karibu kidogo kidogo, na hata akifaulu usimwache nao peke yake. Fanya vilevile na mbuzi, na paka. Anayekula mayai humponyi, mwambie tu mteja ukweli.

Tangazo na simu

Piga picha mchana, ukiinama hadi usawa wa macho yake, bila mnyororo. Usiandike hadithi ya kuliza. Mtu anayechukua mbwa kwa kulia atamrudisha machozi yakikauka. Mimi huandika hivi:

"Jike, miaka kama miwili, rangi ya udongo, kimo cha goti. Amefungwa kizazi, amechanjwa kichaa, kadi ipo. Hubweka usiku, mchana hulala. Hali kuku. Anaogopa mtu mwenye fimbo. Hafai ploti ya pamoja. Yuko Free Area."

Hiyo ya fimbo na ploti ya pamoja usiifute ili apate mtu haraka. Utakuwa umemuuzia mwenzako mbuzi kwenye gunia, na gunia litarudi. Bandika pia kwenye agroveti, posho mili, saluni. Wanaofuga wanapita huko.

Halafu simu itaita, na mara nyingi atakuwa mwanamume.

"Habari mama. Huyo mbwa ni mkali?"

"Nzuri, baba. Unataka awe mkali kwa nani?"

"Kwa wezi, mama. Wanatumalizia kuku."

"Na watoto wakitoka shule?"

"Mchana atakuwa kwa mnyororo."

"Sawa. Na nani atampikia?"

Hapo hukohoa. "Mama watoto, ama yule msichana wa kazi."

"Basi naomba nizungumze naye."

Mwenye simu siye mwenye sufuria. Mara kadhaa mama huyo amechukua simu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mbwa hamtaki, yule wa kwanza alikuwa akimlisha yeye na kumwogesha yeye na kumzika yeye. Nimshukuru, niishie hapo. Na mara nyingine anasema, "Niletee, lakini awe ameshaacha kuiba chakula," na huyo ndiye ninayemtafuta.

Wenzangu wengine wakisikia "nataka mbwa wa kulinda" wanakata simu, wanamngoja mtu wa kumlaza mbwa kwenye sofa. Watangoja sana. Hapa mtu huweka kibao cha MBWA KALI kabla hata ya kununua mbwa, na hana ubaya wowote, ana kuku na ana hofu. Mbwa anayekula mara mbili, mwenye kibanda kisichovuja, anayeachiliwa usiku na kuitwa jina lake na watoto, huyo ana maisha mazuri na analinda pia. Ninachokataa ni mnyororo wa usiku na mchana. Namweleza mtu kwa lugha ya wizi: mbwa wa mnyororo hubwekea kila kitu, paka, mvua, gari la jirani, mpaka wewe mwenyewe unaacha kuamka. Kama ua haujakamilika, atandaze waya imara kutoka mti hadi kibanda, pete ipite juu yake, mbwa aende na kurudi hadi ua umalizike.

Uliza pia mbwa wa mwisho aliishia wapi. "Alikufa" haitoshi. Kwa nini? Kama ni sumu ya jirani, jirani bado yupo. Na uliza Desemba wanakwenda wapi. Familia nyingi hufunga nyumba zikaenda mashambani, mbwa akaachiwa soja aliyelipwa nusu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi watoto warudi shule sitoi mbwa.

Kwenda kuona, na kukabidhi

Nenda nyumbani kwake, lakini usiende kama mkaguzi. Mimi hubeba nguo ya kupeleka kwa mteja, naomba maji, nakaa. Macho ndiyo hufanya kazi: chini ya ua kuna shimo? Karai la maji liko wapi, au halipo? Sumu ya panya imewekwa stoo wazi? Watoto wanaitaje wanyama waliopo, kwa jina au kwa jiwe? Boma la mabati lenye mama anayecheka na mbuzi wake nalipendelea kuliko jumba la Milimani ambalo hakuna anayejua nani hulisha.

Karatasi iandikwe nakala mbili, kwa kitabu cha risiti chenye kaboni: jina, namba ya kitambulisho, simu, mahali, alama za mbwa, tarehe ya chanjo ijayo. Masharti ni machache. Hatampa mtu mwingine bila kunipigia. Atamchanja kila mwaka. Akishindwa, atamrudisha kwangu saa yoyote. Pesa mkononi sipokei. Badala yake tunakwenda pamoja kwa daktari, naye analipia dawa ya minyoo na kupe za miezi inayofuata. Anayeshindwa na hilo siku ya furaha atashindwa zaidi siku ya ugonjwa.

Namba ya simu hushonwa kwenye mkanda wa shingo. Kata mkanda wa begi la shule lililochakaa, uzi mweupe, mshono wa zigizagi mwembamba, tarakimu kubwa. Kibati huanguka, uzi haung'oki. Namba iwe ya mwenye mbwa mpya, na ya kwako upande wa ndani.

Siku ya kuhama asile saa chache kabla, aende kwa tuktuk au Probox, si bodaboda. Mpelekee lile gunia lake bila kulifua. Kwa wiki mbili akae kwa kamba au ndani ya ua, kwa sababu mbwa mwingine atarudi kwako kwa miguu kutoka Lanet, na katikati kuna barabara kuu ya malori.

Piga simu baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha mwezi, na uombe picha. Omba picha ya karai pia. Ukifika ukute amefungwa, ana njaa, ana vidonda, mchukue kwa karatasi yako. Ikishindikana nenda polisi, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo kwa kazi hiyo.

Akirudishwa, mpokee bila kumfokea aliyemleta. Ukimfokea, mwingine aliyeshindwa ataona heri amwache Gioto kuliko kukupigia. Muulize kilichotokea, andika kwenye daftari, rekebisha tangazo. Na akishakaa vizuri kule alikokwenda, osha karai kwa jiki, choma gunia kama lilikuwa na kupe, anika sweta juani siku nzima, fagia kona hadi kwenye nyufa za ukuta ambako kupe hutaga, upulizie dawa. Kisha mjulishe yule mwalimu wa Njoro kwamba una nafasi ya mmoja.